Mwongozo Kamili wa Kupima Shinikizo na Ushibaji wa Giligili katika Visima vya Mafuta na Gesi

Mwamba unaohifadhi mafuta au gesi hauna ziwa ndani yake. Ni jiwe lenye vinyweleo, na ndani ya vinyweleo hivyo maji, mafuta na gesi hugawana nafasi chini ya uzito mkubwa wa tabaka zilizo juu. Anayetaka kujua kisima kina nini hana budi kupata majibu mawili: giligili zilizomo zinasukuma kwa nguvu kiasi gani, na kila moja imeshika sehemu gani ya vinyweleo. Jibu la kwanza ndilo shinikizo, ambalo wengi kazini huliita presha. La pili ndilo ushibaji, yaani sehemu ya vinyweleo iliyojaa maji, mafuta au gesi.

Vipimo hivi viwili hufanywa kwa vifaa tofauti, mara nyingi na watu tofauti, na huandikwa katika ripoti tofauti. Hapo ndipo makosa mengi hupenya, kwa sababu kila ripoti ikisomwa peke yake huonekana imekamilika. Mwongozo huu unavifuata vipimo vyote viwili katika kisima kimoja cha mfano, chenye namba zilizotungwa kwa ajili ya kufundishia, mpaka pale ambapo kimoja kinatumika kukikagua kingine.

Hatua ya kwanza: kuhakikisha kina

Kabla ya kugusa geji yoyote, hakikisha unajua kifaa kitakuwa wapi. Usomaji wa shinikizo usio na kina sahihi hauna thamani, hata kama geji yenyewe ni ya kiwango cha juu kabisa. Shinikizo la giligili hufuata kina cha wima, si urefu wa kisima, na visima vingi vya leo vimeinama. Kisima kilichoinama nyuzi 60 kutoka wima huongeza mita moja tu ya kina cha wima kwa kila mita mbili za urefu, hivyo mtu anayechora shinikizo dhidi ya urefu wa kisima atapata msongamano wa giligili ambao haupo duniani.

Kubalianeni mapema kuhusu mahali pa kuanzia kuhesabu. Wachorongaji huhesabu kutoka sakafu ya mtambo, wanajiolojia hupenda usawa wa bahari, na tofauti ya hesabu hizo mbili inaweza kuwa makumi ya mita. Kumbuka pia kwamba waya unaoshusha kifaa hurefuka kwa sababu ya uzito na joto. Dawa yake ni kupima mionzi ya asili ya gama katika kila safari ya kifaa na kuilinganisha na logi ya gama, yaani rekodi ya kipimo kulingana na kina, ya safari ya kwanza, kilele kwa kilele, mpaka zote zikae mahali pamoja. Katika maji ya chini ya ardhi, kosa la mita moja ya kina ni sawa na kosa la takriban bar 0.1 ya shinikizo. Utaona baadaye kwamba bar 0.1 si kitu kidogo.

Hatua ya pili: kukadiria kabla ya kupima

Usiende kisimani bila makadirio. Giligili yenye msongamano wa gramu 1 kwa sentimita ya ujazo huongeza bar 0.0981 kwa kila mita ya kina cha wima. Maji yenye chumvi huongeza takriban bar 0.10 hadi 0.105, mafuta kwa kawaida bar 0.07 hadi 0.08, na gesi kidogo sana, mara nyingi bar 0.01 hadi 0.025, kutegemea kina na aina yake. Uzito wa miamba yenyewe huongeza takriban bar 0.226 kwa mita.

Tope la kuchorongea, yaani majimaji mazito yanayojaza kisima wakati wa kuchoronga, lenye msongamano wa 1.20 litatoa takriban bar 294 katika kina cha mita 2,500. Namba hii iandike pembeni, kwa kuwa ndiyo itakayokuambia baadaye kama kifaa kinasoma shinikizo la mwamba au kinasoma tope tu.

Hatua ya tatu: kuchagua nukta na kuandaa geji

Kifaa cha kupimia shinikizo la tabaka hushushwa baada ya logi za gama, ukinzani wa umeme, msongamano, nyutroni na kipenyo cha kisima kupatikana, kwani ndizo zinazoonyesha mahali pa kukiegemeza. Chagua sehemu ambazo ukuta wa kisima ni laini na mwamba unapitisha giligili vizuri. Epuka mashimo yaliyobomoka, kwa maana pedi ya mpira haiwezi kuziba mahali penye mabonde. Panga angalau nukta tano katika kila eneo unalodhani lina giligili moja, zikiwa zimetawanyika kwa kina. Nukta mbili huchora mstari daima, hata zikiwa mbovu, na kwa sababu hiyo mstari wa nukta mbili hauthibitishi chochote.

Geji ya fuwele ya kwatzi hutambua mabadiliko madogo sana ya shinikizo, lakini husumbuliwa na joto. Ikishushwa haraka kutoka kwenye baridi hadi nyuzi 90 za Selsiasi, namba zake huelea kwa muda. Ipe nafasi itulie karibu na kina cha kwanza cha kupimia, na anza kuandika pale tu joto lake linapoacha kubadilika. Geji ya aina ya kupima mkazo huvumilia zaidi misukosuko, ingawa si makini kiasi hicho, na ni busara kuwa na zote mbili katika kifaa kimoja.

Hatua ya nne: jaribio lenyewe

Kifaa kikifika kwenye nukta, kabla ya kukifungua, soma shinikizo la tope na uliandike. Kisha mikono ya kifaa hufunguka, pedi hujikandamiza ukutani, na mdomo mdogo ulio katikati ya pedi hupenya utando wa tope na kugusa mwamba. Pistoni ndogo hurudi nyuma na kuvuta giligili kidogo, mara nyingi sentimita za ujazo 5 hadi 20.

Itazame skrini wakati huo, na usiikabidhi kwa mtu mwingine. Mstari uliokuwa umetulia karibu na bar 294 hupanda kidogo pedi inapobana, kisha huporomoka ghafla pistoni inapovuta. Pistoni ikisimama, mstari huanza kupanda tena, kwanza kwa kasi, halafu kwa kupinda polepole, mpaka ulale karibu na bar 266.5. Mstari huo uliolala ndio shinikizo la tabaka. Katika mwamba unaopitisha vizuri mambo haya yote huisha kwa dakika mbili au tatu, ilhali katika mwamba mgumu hata nusu saa inaweza kupita na mstari ukawa bado unapanda.

Umbo la mstari hukuambia hali ya jaribio. Ukiporomoka na kubaki chini bila kuinuka, mwamba haupitishi kitu, nawe uhamie nukta nyingine. Ukirudi upesi na kusimama kwenye shinikizo lile lile la tope, pedi imevuja na unachopima ni tope. Ukipanda vizuri lakini ukatulia juu ya jirani zake wote, shuku kwamba maji ya tope yamejipenyeza katika mwamba usiopitisha vizuri na kuongeza shinikizo karibu na ukuta. Katika hali hiyo, vuta mara ya pili mahali pale pale. Usomaji wa pili ukiwa chini ya wa kwanza, hata wa pili wenyewe usiuamini, wala usiuingize kwenye mstari.

Baada ya kukifunga kifaa, soma tena shinikizo la tope. Masomo mawili ya tope, la kabla na la baada, yanapaswa kukubaliana, na masomo yote ya tope yakichorwa dhidi ya kina cha wima yanapaswa kukaa kwenye mstari mmoja ulionyooka wenye mwinamo unaolingana na msongamano wa tope. Huu ndio ukaguzi ninaouthamini kuliko wote, kwa sababu haugharimu chochote na hufichua kosa la kina, kosa la geji na kushuka kwa tope kisimani kwa pamoja. Usikiache kifaa kikiwa kimebana ukuta kwa muda mrefu kuliko inavyohitajika, kwani tofauti ya takriban bar 28 kati ya tope na tabaka inaweza kukigandisha kifaa na waya wake ukutani.

Hatua ya tano: kuchora mistari

Katika kisima chetu cha mfano, nukta za juu zimekaa vizuri kwenye mstari unaopita bar 265.0 katika mita 2,480 na bar 266.5 katika mita 2,500. Ongezeko ni bar 0.075 kwa mita, yaani msongamano wa takriban 0.76, na hayo ni mafuta. Nukta za chini zimekaa kwenye mstari unaopita bar 270.0 katika mita 2,540 na bar 272.0 katika mita 2,560. Ongezeko ni bar 0.100 kwa mita, msongamano wa takriban 1.02, na hayo ni maji yenye chumvi.

Mistari miwili ikirefushwa hukutana katika mita 2,520, penye bar 268.0. Hapo ndipo usawa wa maji huru, mahali ambapo shinikizo la mafuta na la maji ni moja. Usichanganye usawa huu na mpaka ambapo mafuta huanza kuonekana kwenye logi. Katika mwamba wenye vinyweleo vyembamba, mafuta huhitaji msukumo wa ziada ili yaingie, kwa hiyo mpaka unaoonekana huwa juu ya usawa wa maji huru, wakati mwingine kwa mita nyingi.

Sasa rudi kwenye ile bar 0.1. Mistari hii miwili inatofautiana kwa bar 0.025 tu kwa kila mita, kwa hiyo mstari mmoja ukisogezwa bar 0.1 kwa kosa la kina au la geji, makutano yanahama mita 4. Katika hifadhi iliyotandaa kwa kilomita nyingi, mita 4 za mwamba zinaweza kugeuza kabisa uamuzi wa kuendeleza au kuacha. Isitoshe, makutano yana maana iwapo tu mafuta na maji vimeunganishwa katika mwamba mmoja. Kukiwa na tabaka la mwamba tope linaloziba kati yao, kila mstari una historia yake na makutano hayaelezi chochote.

Kisima kinachozalisha hupimwa kwa njia nyingine. Kizalishe kwa kiwango kisichobadilika, kisha kifunge huku geji ikiwa chini, karibu na mwamba, na urekodi shinikizo linavyopanda kwa saa au siku kadhaa. Mbinu ya Horner ya mwaka 1951 huchora shinikizo dhidi ya uwiano wa muda, kwenye kipimo cha logarithimu: jumla ya muda wa uzalishaji na muda wa kufungwa, ikigawanywa kwa muda wa kufungwa. Sehemu iliyonyooka hutoa uwezo wa mwamba kupitisha giligili, na ikirefushwa hadi uwiano wa 1 hutoa makadirio ya shinikizo la hifadhi. Saa za mwanzo zisitumiwe, kwa kuwa wakati huo kisima chenyewe bado kinajaa.

Hatua ya sita: kutafuta ushibaji kwa ukinzani wa umeme

Maji yenye chumvi hupitisha umeme, lakini mafuta, gesi na chembe za mchangamawe havipitishi. Juu ya tofauti hiyo imejengwa kazi yote ya logi za umeme tangu logi ya kwanza ilipopimwa mwaka 1927 huko Pechelbronn, Ufaransa, na timu ya ndugu Conrad na Marcel Schlumberger. Mwaka 1942, Gus Archie wa kampuni ya Shell aliigeuza tofauti hiyo kuwa kanuni ya hesabu. Katika umbo lake la kawaida kwa mchangamawe safi, mraba wa ushibaji wa maji ni sawa na ukinzani wa maji ya tabaka, ukigawanywa kwa zao la mraba wa sehemu ya vinyweleo na ukinzani halisi wa mwamba.

Anza na vinyweleo. Logi ya msongamano inasoma 2.32 katika mita 2,480. Chembe za mchangamawe zina msongamano wa 2.65, na maji yaliyojipenyeza karibu na ukuta yana takriban 1.0. Toa 2.32 kutoka 2.65 upate 0.33, gawanya kwa 1.65, na sehemu ya vinyweleo ni 0.20. Kama mwamba ni chokaa, tumia 2.71 badala ya 2.65, na kama ni dolomiti, 2.87. Itazame pia logi ya nyutroni: ikionyesha vinyweleo vichache kuliko logi ya msongamano katika mchangamawe safi, huenda kuna gesi, nayo gesi huifanya logi ya msongamano ionyeshe vinyweleo vingi kupita ukweli.

Kisha tafuta ukinzani wa maji. Hapa ndipo ninapowaomba wanaojifunza wapunguze mwendo, maana namba hii hurithiwa kutoka kisima hadi kisima bila mtu kuuliza ilikotoka. Tuseme maabara ilipima sampuli ya maji na kupata omu-mita 0.12 kwa nyuzi 25, ilhali tabaka lina nyuzi 90. Ongeza 21.5 kwenye kila joto, zidisha 0.12 kwa 46.5, gawanya kwa 111.5, na utapata omu-mita 0.05. Asiyefanya sahihisho hili atatumia namba iliyozidi ya kweli zaidi ya mara mbili.

Thibitisha kwa njia isiyotegemea sampuli, kwa sababu sampuli inaweza kuwa imechanganyika na maji ya tope. Katika mita 2,550, ndani ya eneo la maji, vinyweleo ni 0.20 na ukinzani wa mwamba ni omu-mita 1.25. Mraba wa 0.20 ni 0.04, na 1.25 mara 0.04 ni 0.05. Njia mbili zimefika mahali pamoja, na sasa namba inaaminika.

Ukinzani halisi wa mwamba husomwa kwenye logi inayofika mbali ndani ya mwamba, kupita eneo lililovamiwa na tope. Katika mita 2,480 ni omu-mita 20. Gawanya 0.05 kwa zao la 0.04 na 20, upate 0.0625, ambayo kipeuo chake cha pili ni 0.25. Robo ya vinyweleo ina maji na robo tatu zina mafuta. Kama ungetumia omu-mita 0.12 bila sahihisho la joto, ungepata maji asilimia 39, na mafuta mengi yangetoweka kwenye karatasi huku yakiwa palepale ardhini.

Kanuni hii huyumba pale mwamba unapokuwa na udongo mfinyanzi. Udongo huo hupitisha umeme wenyewe, hivyo ukinzani hushuka na mafuta huonekana kama maji. Fomula ya Simandoux ya mwaka 1963 na ile ya Waxman na Smits ya mwaka 1968 zilitungwa kwa ajili ya hali hiyo. Zitumie ukiwa na vipimo vya maabara vya mwamba wenyewe, kwa kuwa kubahatisha vigezo vyake ni kuhamisha kosa kutoka sehemu moja hadi nyingine.

Hatua ya saba: sampuli za mwamba maabara

Sampuli ya mwamba iliyokatwa kisimani huwekwa katika chombo cha Dean na Stark, ambamo toluini inayochemka huyafukuza maji kama mvuke. Mvuke hupoa na kudondoka, tone kwa tone, katika mrija wenye alama, na maji hukaa chini ya toluini ambapo husomwa moja kwa moja. Jaribio limekwisha pale kiwango cha maji kinapokaa saa nyingi bila kuongezeka. Mafuta hukokotolewa kutokana na uzito uliopungua baada ya kutoa ule wa maji.

Ushibaji huo ni wa sampuli iliyofika juu, nao si lazima ufanane na wa mwamba ulioko chini. Wakati wa kupandishwa, shinikizo hushuka, gesi hutanuka na kusukuma giligili nje, na tope la maji huwa limekwishaosha sehemu ya mafuta. Tope la mafuta huacha maji ya asili yaliyoshikwa na mwamba yakiwa salama zaidi, na ndiyo sababu sampuli za kupimia ushibaji wa maji hupendelewa zikatwe kwa tope hilo.

Hatua ya nane: kisima chenye kesingi

Bomba la chuma huzima logi za kawaida za ukinzani, kwa hiyo hutumika mipigo ya nyutroni. Kifaa hurusha nyutroni na kupima jinsi zinavyomezwa upesi. Klorini iliyo katika chumvi humeza nyutroni kwa nguvu, hivyo maji ya chumvi hutofautishwa na mafuta. Katika mfano wetu, uwezo wa kumeza nyutroni ni vizio 10 kwa chembe za mwamba, 21 kwa mafuta na takriban 43 kwa maji. Ushibaji wa maji ukipanda kutoka asilimia 25 hadi 60, usomaji unatoka vizio 13.3 hadi 14.8 tu. Tofauti hiyo ni ndogo, kwa hiyo pima kisima kikiwa kipya, kisha linganisha kila kipimo cha baadaye na hicho cha mwanzo. Maji yakiwa na chumvi kidogo au isiyojulikana, njia hii haifai, na badala yake hupimwa uwiano wa kaboni na oksijeni, kwa mwendo wa polepole na katika mwamba wenye vinyweleo vingi.

Hatua ya tisa: kupatanisha vipimo viwili

Sasa weka shinikizo na ushibaji mezani pamoja. Mita 2,480 ziko mita 40 juu ya usawa wa maji huru. Zidisha 40 kwa tofauti ya mistari, bar 0.025, na utapata bar 1.0. Huo ndio msukumo wa ziada ambao mafuta yanao juu ya maji katika kina hicho. Maabara hupima vinyweleo kwa kusukuma zebaki ndani ya sampuli, na kwa mchangamawe unaopenda maji, bar 1.0 ya mafuta na maji ni sawa na takriban bar 14 ya zebaki. Soma mchoro wa jaribio hilo kwenye bar 14: sehemu ya vinyweleo ambayo zebaki haijaifikia inapaswa kukaribia asilimia 25.

Zikikubaliana, rudia katika mita 2,500 na mita 2,510, ambako ushibaji wa maji unapaswa kupanda kadiri unavyoshuka. Zisipokubaliana, usichukue wastani wa namba mbili zinazogombana. Kagua kina kwanza, kisha ukinzani wa maji na joto lake, kisha uwepo wa udongo mfinyanzi, na mwisho uulize kama nukta za mafuta na za maji kweli ziko katika mwamba mmoja. Kila badiliko unalofanya liandike pamoja na sababu yake na namba ya awali, ili atakayepima kisima hicho miaka kumi baadaye aweze kuifuata njia yako hatua kwa hatua.